Nilivyohamisha mafaili ya miaka kumi na moja kabla ya msimu wa korosho

Laptopu yangu ya zamani niliinunua mwaka 2014, na hadi mwaka 2025 ilikuwa imebeba kila kitu changu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Mtwara, upande wa Nanyamba, kwa hiyo humo mlikuwa na orodha za wakulima na malipo yao ya misimu yote hiyo. Mlikuwa na barua za majirani wanaokuja kuomba niwaandikie, na picha za ndugu, wengine wameshatangulia. Na mlikuwa na sauti ya marehemu baba, dakika arobaini na mbili, niliyoirekodi kwa simu ya kitochi tukiwa tumekaa barazani. Anaeleza habari za treni iliyokuwa ikitoka Nachingwea hadi bandarini Mtwara, ile reli ya Waingereza ya mpango wao wa karanga, iliyokuja kung'olewa mapema miaka ya 1960. Hapa mjini kata ya Reli ipo mpaka leo, lakini waliowahi kuisikia treni yenyewe wamebaki wachache.

Nilitamani kuendelea na laptopu hiyo ya zamani. Kilichonibana ni tarehe mbili zilizoangukiana. Microsoft walitangaza kwamba ikifika tarehe 14 Oktoba 2025 wanaacha kuihudumia Windows 10, programu iliyokuwa ikiendesha laptopu yangu. Kompyuta haizimiki siku hiyo, ila marekebisho ya usalama ya kawaida hayaji tena, na mimi natunza namba za akaunti za watu. Kuipandisha kwenda Windows 11 haikuwezekana, kwa sababu haina ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Na Oktoba hiyohiyo ndio mwezi ambao huku kwetu hakuna anayelala. Korosho zinaingia ghalani, minada inaanza, mkulima anakuja na risiti yake mkononi anataka kujua zimeingia kilo ngapi za daraja la kwanza na ngapi za daraja la pili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti, analipwa zikiuzwa) uanze kwenye korosho mwaka 2007, orodha ya karani si jambo dogo. Nimeshaona mzee anazungushwa wiki tatu kwa sababu jina lake la benki lina herufi moja tofauti na lililoko kwenye orodha. Sikutaka kuingia msimu na mashine nisiyoiamini.

Mpwa wangu aliyeko Dar ndiye aliyeninunulia mpya Kariakoo, akaileta mwenyewe kwa basi, zaidi ya kilomita 550. "Shikamoo shangazi. Mzigo wako huu, tangu Mbagala sijauweka chini." Aliupakata njia nzima kama mtoto. Nilimpa ming'oko na samaki wa kuchoma, kisha tukakaa.

Jioni ya kwanza tuliipoteza kwa bando. Laptopu mpya ukiiwasha inakuuliza nchi, kibodi, kisha inang'ang'ania intaneti. Bila hiyo haikupitishi. Nyumbani sina waya wala kisanduku cha Wi-Fi, kwa hiyo tukawasha hotspoti ya simu yangu. Tulipomaliza kujibu maswali, yenyewe ikaanza kujipakulia masasisho kimyakimya. Nilikuwa nimejiunga GB 10 za wiki. Saa tatu usiku simu ikaleta ujumbe kwamba nimetumia asilimia 75. Mpwa akaruka kwenye mipangilio ya mtandao, akafungua jina la hotspoti yangu, akawasha kitufe kinachoiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Hapo ikatulia. Kama na wewe unatumia simu, hicho kitufe kiwe cha kwanza kukigusa mara tu skrini inapofunguka, kabla hata hujabadilisha picha ya mbele.

La pili ni OneDrive. Ilikuwa imejiwasha na kuanza kupandisha nyaraka zangu kwenye hifadhi ya Microsoft, ambayo bure wanakupa GB 5 tu. Sina ubaya nayo kwa picha. Lakini orodha ya wakulima wenzangu si mali yangu kuipeleka mahali ambapo wao hawajaulizwa, kwa hiyo niliizima kwenye folda za kazi. Na diski ya laptopu mpya inakuja imefungwa kwa msimbo wa siri. Ikitokea hitilafu inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Tuliutafuta kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikaunakili kwa kalamu kwenye daftari langu gumu, tarakimu sita sita, mpwa akinisomea na mimi nikimrudishia.

Siku ya pili nilianza kazi yenyewe, na hapa ndipo tulipobishana kidogo. Mpwa alitaka tutumie "kata na bandika", ili kila kinachohama kiondoke kule na tuone kilichobaki. Nikamwambia hapana mwanangu, tunanakili. Cha zamani kinabaki kilipo mpaka nitakaposema mimi. Alikubali kwa heshima, ingawa niliona anafikiri shangazi anachelewesha mambo.

Tulitumia flashi ya GB 32, tunajaza, tunahamishia, tunafuta, tunajaza tena. Video ya harusi ya dada yangu ikakataa kabisa kuingia wakati nafasi ipo tele. Kumbe flashi nyingi zinatoka dukani na mpangilio wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Tukaiacha pembeni. Tukaingia folda ya sauti. Mstari wa kijani unatembea, umefika kama robo tatu, umeme ukakatika.

Laptopu yangu ya zamani betri yake ilikufa zamani. Inaishi kwa chaja tu. Ilizimika papo hapo, flashi ikiwa bado imechomekwa. Umeme uliporudi tukafungua flashi kwenye laptopu mpya: jina la faili la baba lipo, ukubwa uleule, lakini ukilibonyeza halitoi sauti. Nilihisi tumbo limenishika. Mpwa hakusema kitu. Tukawasha ya zamani, ikachukua dakika saba kufunguka, tukalitafuta kule lilikotoka. Lilikuwepo, zima. Tungekuwa tumelikata, sijui ningemwambia nini mama yangu.

Usiku huo nilikataa kuendelea na flashi. Kesho yake asubuhi tukaenda kwa fundi, Chikongola karibu na soko, kijana mtulivu ambaye meza yake imejaa mabodi ya simu. Akaiwasha, akainamisha sikio kwenye kibodi. "Mama, diski yako haijaanza kulia. Ikianza kugonga tik-tik-tik, usiiwashe tena hata kwa kuhamisha picha moja. Sasa hivi bado tuna muda." Kisha akanishauri kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokolea siku nzima: tuitoe diski kwenye laptopu, tuivalishe kasha lenye waya wa USB, iwe kama eksteno, yaani diski ya nje. Inakula umeme wa laptopu mpya, na laptopu mpya ina betri. Umeme ukatike, usikatike, kazi inaendelea.

Sikumwachia laptopu nikaondoka, na yeye hakukwazika. Nilikaa kwenye stuli nikamtazama. Alifungua skrubu za chini moja moja, akazipanga kwenye kisosi chenye sumaku kwa namna zilivyokaa, kwa sababu za pembeni ni ndefu kuliko za katikati. Akatumia kadi ya plastiki kuachanisha mfuniko. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la barabara ya Nanyamba, la miaka yote, limejikunja kwenye feni kama pamba. Diski yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani, haizidi kipande cha sabuni ya kuogea. Aliivuta pembeni taratibu ikachomoka. Nilipoishika ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Kasha lilinigharimu shilingi elfu kumi na tano, ufundi elfu tano. "Nyumbani chomeka kwenye tundu la bluu," akaniambia. Tundu la bluu ni USB 3.0, ambayo kwa makadirio ya kiwandani ina kasi mara kumi ya ile ya zamani. Diski ya kizamani haifiki huko, lakini tofauti unaiona kwa macho.

Tulipoichomeka, folda yenye jina langu ikagoma kufunguka ikidai sina ruhusa. Nilishtuka, nikadhani imeharibika njiani. Ni kompyuta mpya tu haimtambui mwenye folda. Unabonyeza kuendelea, unasubiri ijipange, inafunguka. Tukaanza kunakili saa nne asubuhi. Umeme ulikatika mara mbili siku hiyo na hatukujali. GB 163 zilimalizika kabla ya adhuhuri kuadhiniwa. Picha kubwa na video zilikwenda mbio. Kilichochelewesha ni maelfu ya mafaili madogo madogo ya barua, maana kila moja linafunguliwa na kufungwa peke yake.

Mpwa akasema tayari. Mimi ni karani. Mzigo haujaingia ghalani mpaka uhesabiwe. Nikabonyeza kitufe cha kulia juu ya folda ya zamani, nikafungua sifa zake, nikaandika idadi ya mafaili daftarini. Nikafanya hivyo kwa folda mpya. Pungufu matatu. Tukatafuta karibu saa nzima. Zilikuwa barua tatu za Word ambazo majina yake nilikuwa nimeyaandika marefu kama sentensi nzima: kumhusu nani, kwenda kwa nani, kuhusu shamba gani. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, yaani majina ya folda zote pamoja na jina la faili lenyewe, na sisi tulikuwa tumeziweka folda ndani ya folda ndani ya folda, njia ikarefuka. Kompyuta ilikuwa imeuliza, na mpwa alikuwa amebonyeza kuruka. Moja ya barua hizo ilikuwa ya mama mjane kuhusu mikorosho ya mume wake. Nikafupisha majina, zikaingia.

Nilitulia pia kuhusu jambo lililokuwa likiniuma moyoni tangu tulipofungua boksi. Boksi liliandikwa GB 256, kompyuta yenyewe inaonyesha 238. Nilishaanza kumlaumu muuza duka kimoyomoyo. Hakuna aliyeibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu moja moja, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti inajikusanya.

Siku ya nne niliimaliza na Excel, na hapa naomba makarani wenzangu wasome taratibu. Mpwa alipoulizwa nchi siku ya kwanza alichagua Marekani, akidhani ndiyo njia ya kupata Kiingereza alichokizoea. Nilipoanza kujaribu kuandika mapokezi, nikaandika 3/10/2025 nikimaanisha tarehe tatu Oktoba. Excel ikaipokea kama tarehe kumi Machi. Haikulalamika. Nikaandika 13/10/2025, hiyo ikaigeuza maandishi ya kawaida kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu, na ikasogea upande wa kushoto wa kisanduku. Huko kusogea ndiko kulikonishtua. Bila hivyo ningejaza kurasa nzima, mkulima aliyeleta korosho Oktoba aonekane ameleta Machi, wakati korosho hazipo hata mtini. Tulikwenda sehemu ya lugha na eneo, tukabadilisha eneo na mpangilio wake wa tarehe kuwa wa Tanzania, tukafuta majaribio yote. Kisha nikafungua orodha za malipo, faili la kila msimu, nikalinganisha jumla ya chini na nakala za karatasi nilizonazo kabatini. Zilikubaliana zote. Hapo ndipo nilipopumua.

Likabaki faili la baba. Safari hii lilikuwa limenakiliwa salama, lakini programu iliyokuja na laptopu ikakataa kulipiga. Nilijua halijaharibika, kwa sababu kwenye ya zamani lilikuwa linaimba hadi siku ya mwisho. Simu za kitochi zilikuwa zinarekodi sauti kwa aina iitwayo AMR, nyepesi sana, ambayo programu nyingi za kompyuta haziijui. Mpwa akapakua VLC, akalifungua humo, na sauti ikatoka. Kisha nikamwomba anitengenezee nakala ya MP3, na ile ya asili tukaiacha kama ilivyo. Nakala moja iko kwenye laptopu, nyingine kwenye flashi iliyoko kwa dada yangu Masasi, nyingine kwenye simu ya mpwa. Diski ya zamani nimeifunga ndani ya kitambaa, iko sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Sitaifuta mpaka msimu uishe na kila mkulima awe ameshalipwa.

Jioni ile niliibeba laptopu hadi kwa mama, Magomeni, nikaiweka kwenye mkeka mbele yake. Hakuwa amemsikia baba tangu tumzike. Alisikiliza amejishika shavu, kanga imeteremka begani, hasemi. Baba alipofika pale anaposema treni ilikuwa ikiingia asubuhi, mama akanyanyua mkono.

"Rudisha nyuma hapo."

Nikarudisha. Baba akasema tena, asubuhi.

"Hapana. Ilikuwa inaingia usiku. Sisi watoto tulikuwa tunaamka kuisikiliza. Yeye wakati huo hakuwa anakaa huku, angejuaje?"

Nikaizima sauti ya baba, nikachukua simu yangu, nikabonyeza kurekodi na kuiweka kwenye mkeka karibu na goti lake. Alikuwa ameshaanza kunieleza taa ya mbele ya treni ilivyokuwa inaonekana kwa mbali.