Makonyezo 150 ya birika la wifi

Mwezi wa pili nilimdhulumu wifi yangu, na ushahidi ninao mwenyewe, kwa mwandiko wangu, katika daftari lile lile ninaloandikia vipimo vya nguo za watu.

Nyumba yetu iko Limbani, hapa Wete, Pemba. Mita moja, majiko mawili. Upande wa mbele nakaa mimi na mama, na cherehani yangu. Upande wa nyuma anakaa kaka na mkewe na watoto wawili. Kule uwani, kwenye chumba kilichokuwa ghala, yupo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Micheweni, kamaliza kidato cha nne na anatafuta la kufanya. Umeme wa tukuza (ndiyo ile Bara wanayoiita luku) tulikuwa tunanunua nusu kwa nusu, kaka na mimi. Uniti 50 zilikuwa zinatufikisha siku kumi, kama hakuna mgeni.

Sasa, dada yake wifi karudi kutoka Maskati na zawadi zake, na ndani yake mlikuwa na birika la umeme. Zuri, la kioo, likichemka linawaka taa ya buluu chini. Halijamaliza siku tatu nikamwita kaka barazani nikamwambia: mambo yamebadilika, nyinyi mna birika, mna pasi ya sare za shule kila siku, mimi nina cherehani na mama ana friza lake la barafu za ubuyu. Tugawe mafungu matatu, mawili yenu, moja langu. Kaka si mtu wa maneno, akakubali. Wifi alikuwa mlangoni anasikia. Hakusema kitu, ila siku ile chai haikuja upande wa mbele.

Na kweli umeme ukaanza kukimbia. Uniti 50 siku ya tano hazipo. Kila mita ilipoanza kulia ile milio yake ya kuomba, mimi nilitazama dirisha la jiko la wifi nikijisemea, si nilisema.

Wiki ya tano wote wakaenda harusini Konde. Mimi nilibaki, nilikuwa na magauni mawili ya watu sijayatia vifungo. Nyumba kimya. Nikaenda kuangalia mita zimebaki ngapi, nikasimama pale nikikitazama kile kijitaa chekundu kinachokonyeza. Pembeni yake mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh. Nimeiona maandishi hayo miaka yote na sikuwahi kuuliza ni kitu gani. Maana yake ni nyepesi: kikikonyeza mara 1000, uniti moja imekwenda. (Mita nyengine zimeandikwa 1600, nyengine 3200, tazama ya kwako kabla hujaanza kuhesabu.) Na uniti ni kifaa cha wati 1000 kikifanya kazi saa nzima, au cha wati 100 kikifanya kazi saa kumi. Basi kwa mita ya 1000, ukihesabu sekunde baina ya konyezo moja na jengine, kisha ukaigawa 3600 kwa hizo sekunde, unapata wati zinazopita wakati ule ule.

Vifungo nikavisahau. Nilichukua daftari, simu kwa ajili ya saa, na kigoda, nikakaa mbele ya mita kama mtu anayesubiri mkate utoke. Nikazima kila swichi niliyoijua, nikachomoa friza, nikafungua kisanduku cha sakiti breka (swichi kubwa, kila moja inakata umeme wa upande wake) nikashusha zote, kisha nikawa napandisha ile ya kifaa ninachokipima tu na kuwasha kimoja kimoja.

Nilianza na mshitakiwa. Birika lilikonyeza kila baada ya sekunde mbili kasoro kidogo, wati 2000, nikafurahi. Nikatia maji lita moja na nusu nikahesabu mpaka likajizima lenyewe. Dakika nne na nusu, makonyezo 150. Nikayatazama yale maandishi. Hiyo si hata moja ya sita ya uniti. Wifi anachemsha mara tatu kwa siku, basi hata nusu uniti haifiki. Na maji ni maji, hayachemki kwa ubishi: lita ile ile itataka moto ule ule, uuchukue wapi utakako, na birika hili likishachemsha linajizima, halikai linaunguza hewa kama sufuria iliyosahauliwa.

Pasi nayo ilinitia aibu. Konyezo kila sekunde tatu, wati 1200. Lakini pasi ina tabia ya kuzima na kuwaka, taa yake ndogo inakwambia, na ikizima mita inanyamaza. Nikapiga pasi nusu saa nzima, magauni yale yale na kanga za mama, nikapata makonyezo 280. Hapa nilikumbuka Disemba 2009, nilipokuwa Unguja kwa shangazi najifunza ushoni. Waya wa baharini unaoleta umeme kutoka Bara ukapata hitilafu, kisiwa kizima kikakaa kiza mpaka Machi 2010. Miezi mitatu nilipiga pasi ya mkaa. Kikapu cha mkaa kilikuwa kinaisha, majivu yanarukia nguo ya mteja, mkono unauma. Nikiliweka lile kando ya makonyezo 280 naona pasi ya umeme haijanidai kitu.

Vyengine nilivipitia haraka. Pangaboi la chumba changu, konyezo moja kwa sekunde 51, wati kama 70. Likizunguka usiku kucha saa tisa ni uniti sita za kumi, na tunayo matatu, ukiyajumlisha ndiyo yanayokula kuliko birika na pasi pamoja, na hakuna aliyewahi kuyagombeza. Pampu ya maji ya nusu farasi, konyezo kila sekunde saba. Televisheni ya inchi 32, kidogo zaidi ya dakika moja. Cherehani sikuweza kuipima vizuri, maana unakanyaga na kuachia. Simu niliitia chaji nikasubiri konyezo moja dakika sita nzima. Sita! Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea watoto wa kaka kwa kuacha chaja kwenye ukuta.

Friza la mama lilinipa kazi. Likivuta linavuta wati 120 tu, lakini linavuta na kupumzika mchana na usiku, kwa hiyo cha kutazama ni muda gani linavuta. Nikaona linavuta kama nusu ya wakati, yaani uniti moja na nusu kwa siku. Nikajaribu mpira wa mlango kwa noti: unaifunga noti mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha unaivuta. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka hapo hapo na wewe unalipia. Upande wa bawaba noti ilikamatwa, upande wa kushoto ikatoka kama imetiwa mafuta. Na barafu ukutani ilikuwa nene kama kiganja. Hiyo nayo ni blanketi, inaizuia baridi isifike kwenye mifuko ya ubuyu. Hilo nimelitia kwenye hesabu za siku nyengine.

Nikajumlisha yote. Friza, mapangaboi, birika, pasi, taa, televisheni, pampu: kama uniti tano kwa siku, bila ya kubana na bila ya kupunguza. Ndiyo ile 50 kwa siku kumi, sawa kabisa na zamani, na birika limo ndani. Sasa hizo tano nyengine zinakwenda wapi?

Nikachomoa tena kila kitu. Nikazima hata friza, breka zote nikazipandisha. Nikakaa kwenye kigoda. Kijitaa kikakonyeza. Nikahesabu, kumi na nane, kikakonyeza. Kumi na nane, kikakonyeza. Gawa mwenyewe: wati 200, nyumba imezimwa yote, na watu wako Konde.

Nilifikiri waya umechubuka ndani ya ukuta, nikaogopa. Nikarudi kwenye kisanduku cha breka nikawa nashusha moja moja. Ya kwanza, kinakonyeza. Ya pili, kinakonyeza. Niliposhusha ya tatu mita ikanyamaza, na papo hapo kule uwani vifaranga wakaanza kelele, zile zile nilizozisikia mwanzo nikazipuuza.

Nilisimama na kidole changu kwenye breka, nikaipandisha. Vifaranga kimya. Nikaishusha. Kelele.

Mpwa wangu anafuga kuku wa nyama, hamsini. Hilo tulilijua sote, tuliwapokea na maboksi yao. Nilichokuwa sikijui ni kuwa kapitisha ekstensheni kutoka soketi ya stoo, nyuma ya gunia la nazi, hadi dirishani na kwenye banda, na humo ndani katundika balbu mbili za zamani za wati 100, zile zinazounguza kidole. Usiku na mchana. Wati 200 mara saa 24 ni uniti 4.8 kwa siku. Friza la mama mara tatu!

Nikaenda bandani. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, jua la saa nane, bati juu, na chini ya zile balbu kuku wa wiki tano wenye manyoya kamili wamejitenga ukutani, mabawa wameyatanua, midomo wazi, wanahema. Kifaranga wa siku moja anataka joto, kama nyuzi 33 hivi, na kila wiki unampunguzia. Kuku wa wiki tano, Pemba, mwezi wa tatu, anataka kivuli na maji.

Waliporudi nilimuuliza mama kwanza, maana funguo za stoo anazo yeye. Hakushituka. "Aliniomba, nikamwambia atie. Taa tu hiyo, mwanangu, taa itakula nini?" Na simlaumu. Mama kazoea umeme wa mitambo ya dizeli ya Wesha, kabla waya wa kutoka Tanga haujaletwa Pemba mwaka 2010. Kwake yeye umeme ni taa, na mpaka leo akinipa pesa ya tukuza ananiambia "kalipe taa". Balbu ya kuku ina umbo la taa, lakini kazi yake ni jiko. Kinachotia joto ndicho kinachovuta wati, na kinachoachwa bila kuzimwa ndicho kinachozijumlisha. Balbu zile zilikuwa na yote mawili.

Baada ya Isha tukakaa barazani, nikasoma daftari kwa sauti. Siku 35, uniti 343. Za kuku peke yao 168. Kaka alizidisha kulipa uniti 141, mimi 27. Bei ya uniti sitoitaja hapa kwa sababu inabadilika, itazame kwenye risiti yako ya mwisho, lakini mpwa wangu aliipigia hesabu pale pale kwenye simu, akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kulipa baada ya kuuza. Alikuwa kahesabu chakula, dawa, maranda na nauli ya kwenda kuwachukua. Umeme hakuuhesabu, ulikuwa wa nyumbani. Nikamwambia mkupuo ujao wiki mbili za mwanzo atumie chungu cha mkaa usiku, akikichunga na kuacha hewa ipite, na kama anataka mwanga wa kuku kulia chakula, balbu ya LED ya wati 9 inatosha banda lile na nusu.

Kaka alirudishiwa zake kwa awamu, na kuku wawili juu. Mgawo umerudi nusu kwa nusu, na mpwa ana mstari wake katika daftari. Mpira wa friza nimeubadilisha, fundi kaufunga kwa dakika ishirini.

Wifi nilimwomba radhi mbele ya watu wote, kwa kuwa nilimshitaki mbele ya watu wote. Akasema yamekwisha. Hayajakwisha. Kila asubuhi birika likijizima kule nyuma namsikia akipiga kelele mpaka upande wa mbele: "Mia na hamsini, wifi! Andika!" Kisha analeta chai.