Nobu ya gia iliyolegea: jua kwanza kinachozunguka ni kipi

Kwenye gari la zamani nobu ya gia, yaani kichwa cha liva unachoshika ukibadilisha gia, hulegea kwa sababu zaidi ya moja, na dawa ya ugonjwa mmoja huzidisha mwingine. Kabla ya kushika gundi, shika liva chini kidogo ya nobu kwa mkono mmoja, kisha zungusha nobu kwa mwingine.

Ikipanda na kushuka kama kifuniko cha chupa, tredi (meno ya skrubu yanayoishika) ni nzima. Nati ya kufungia iliyo chini ya nobu ndiyo imelegea, au haipo kabisa. Ikizunguka palepale, ivute juu. Ikichomoka, huenda tredi zimelika. Kipande cha shaba kilichomo ndani, chenye tredi, nacho huweza kuwa kimeachana na mbao au plastiki. Na kama nobu imetulia ila liva nzima inayumba, iache nobu: tatizo liko chini, kwenye bushi ya liva, kipande kinachoishika liva isiyumbe.

Ugonjwa wa nati ndio wa kawaida na ndio rahisi. Ikiwa nati ilipotea, pima liva kabla ya kutafuta nyingine, kwa sababu hapa wengi huharibu kitu kizima. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 hadi 1970 yana tredi za UNF, aina ya tredi za inchi zenye meno membamba. Ile ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, kwa hiyo nati ya M8 (ya milimita 8) huonekana inaingia. Lakini UNF hiyo ina meno 24 kwa inchi, karibu milimita 1.06 kutoka jino hadi jino, na M8 ya kawaida ina 1.25. Nati hupanda mizunguko miwili mitatu, inakwama, mtu anachukua spana, na tredi za liva zinakatwa. Nati ikigoma kwenda kwa vidole, si yake.

Teremsha nati hadi chini, funga nobu hadi ifike mwisho, kisha irudishe kidogo mpaka mchoro wa gia umtazame dereva. Ishikilie hapo, pandisha nati (ukitazama kutoka juu, kinyume na mwendo wa saa) hadi iguse kitako cha nobu, halafu ongeza robo mzunguko kwa spana nyembamba. Basi. Nobu ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, hupasuka ukikaza zaidi.

Tredi za plastiki zikiwa zimelika kidogo tu, zungushia liva tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu au nne, kwa mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, la sivyo nobu itaikunja na kuisukuma wakati wa kufunga. Gundi ya buluu ya kukaza nati inafaa chuma kwa chuma. Kwenye plastiki iepuke, baadhi ya plastiki hupata nyufa. Supagluu ndiyo mbaya kuliko zote: ikikauka huvunjika kwa urahisi na haipendi mtikisiko, ikivunjika huacha maganda ndani ya tredi.

Kipande cha shaba kilichoachana kinahitaji epoksi ya sehemu mbili. Kitoe, kikwaruze kwa msasa, safisha pande zote kwa spiriti, paka epoksi nje yake tu. Paka vaselini kwenye tredi za ndani ili gundi ikivuja isishike. Rudisha, acha saa 24 kabla ya kufunga kwenye liva. Nobu ya mbao iliyopasuka hadi juu haistahili kazi hii.

Tahadhari moja: baadhi ya nobu, kama za gari la Triumph Dolomite lenye ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo kasi), zina swichi ndani na waya unaopita kwenye liva. Ukiizungusha bila kuchomoa waya kwanza, utaukata. Toa waya hasi wa betri, fungua kifuniko cha juu, tenganisha swichi, ndipo uizungushe.