Nobu za gitaa zilizokaa upande

Wapiga gitaa wa Kisumu, nobu ya volyumu ikizunguka huku inayumba kama gurudumu lililopinda, msikimbilie kununua mpya. Ichomoeni kwanza. Usiitumie bisibisi, itachubua rangi ya gitaa. Pitisha kitambaa chembamba chini ya nobu, kikunje, uvute kwenda juu moja kwa moja.

Sasa itazame shafti, yaani kile kijiti kinachoshika nobu. Nyingi zimepasuliwa katikati, na mara nyingi kosa liko hapo: nusu moja imelalia mwenzake. Ingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye ule ufa, upanue kidogo sana. Kidogo kweli, kwa sababu nusu ikikatika utabadilisha volyumu nzima, yaani kile kifaa cha ndani chenye shafti hiyo.

Bado imeinama? Tikisa shafti kwa vidole. Ikicheza, nati imelegea. Zungusha shafti hadi mwisho upande wa kupunguza sauti, uishikilie hapo, kisha ikaze nati kwa spana, la sivyo volyumu itajizungusha ndani na kung'oa nyaya zilizochomelewa kwa risasi.

Vipimo navyo huwaponza wengi. Shafti za kipimo cha Marekani zisizo na ufa ni milimita 6.35; zenye ufa mara nyingi zina meno 24, yaani mifereji midogo ubavuni. Za gitaa nyingi za Asia ni milimita 6, meno 18. Nobu ya Marekani kwenye shafti ya milimita 6 itapwaya na kulala upande: zungushia tepu nyeupe ya fundi bomba, mzunguko mmoja. Kinyume chake usilazimishe, nobu ya plastiki itapasuka.

Ukiirudisha, bonyeza katikati kwa kidole gumba, uache nafasi ya milimita 1 isisugue mbao.