Siku Moja ya Fundi: Boneti Inayoshuka Yenyewe

Saa 1:00 asubuhi. Gari la kwanza limekwisha kuegeshwa mbele ya gereji, na malalamiko ya mwenyewe ni mafupi: boneti ikifunguliwa hukaa juu kidogo, kisha hushuka. Napenda kulipokea gari lenye ugonjwa huu mapema, kabla ya jua kupanda, kwa sababu ubaridi wa alfajiri hufichua udhaifu ambao joto la mchana huuficha. Nafungua loki, naiinua boneti mpaka mwisho, kisha nalegeza mkono bila kuuondoa. Inabaki juu kwa muda mfupi, halafu inaanza kuteremka polepole, na inapofika katikati inaongeza kasi.

"Lakini jana mchana ilisimama vizuri, fundi," asema mwenye gari.

Ninamwamini. Shokapu za boneti, yaani ile mitungi miwili myembamba inayoiinua na kuishikilia, zimejazwa gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa pamoja na mafuta kidogo, na nguvu ya gesi hiyo hufuata joto. Tofauti ya nyuzi 20 za Selsiasi huibadilisha kwa takriban asilimia 7. Kwa shokapu nzima badiliko hilo halionekani, lakini kwa iliyokwisha kuvuja hadi ikabaki na nguvu inayotosha kwa shida tu, asilimia hizo chache ndizo zinazoamua kama boneti itasimama au itamwangukia mtu. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba shokapu iliyochoka nusu ni ya hatari kuliko iliyokufa kabisa. Iliyokufa humlazimu kila mtu kutafuta egemeo kabla ya kuinamia injini; iliyochoka nusu humwaminisha, kisha humwacha wakati mikono yake iko ndani na kichwa chake kiko chini ya kile chuma kigumu kinachoingia kwenye loki.

Saa 2:00. Kabla ya kuzilaumu shokapu nakagua bawaba, kwa maana bawaba iliyopinda au iliyokauka grisi huzibebesha kazi isiyo yao. Hapa bawaba ni nzima. Ninapopitisha kitambaa safi kwenye rodi ya shokapu ya kushoto, yaani ile fimbo nyembamba inayoingia na kutoka mtungini, kinatoka na mafuta, na hiyo ni dalili ya kutosha: sili, yaani kizibo kinachozunguka rodi inapoingilia mtungini, imeachia, na panapopita mafuta gesi nayo hupita. Ya kulia ni kavu, ila rodi yake ina mikwaruzo na vidoa vya kutu ambavyo vitaila sili siku si nyingi. Namweleza mwenye gari kwamba tutabadilisha zote mbili. Ukiweka mpya upande mmoja tu, boneti husukumwa kwa nguvu zisizolingana, na baada ya muda hujipinda kidogo, ukaanza kuona pengo kati yake na madigadi likiwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili.

Saa 3:00 ni saa ya vipimo, na hapa sikubali haraka. Napima urefu wa shokapu ikiwa imenyooka kabisa, kutoka katikati ya kichwa kimoja hadi katikati ya kingine. Napima sehemu ya rodi inayoingia ndani. Natazama aina ya vichwa na ukubwa wa gololi zinazovishikilia. Kisha nasafisha mtungi kwa uangalifu ili nisome nguvu yake, ambayo huandikwa kwa nyutoni, tarakimu zikifuatwa na herufi N. Maandishi yakiwa yamefutika, natumia namba ya chesisi kumuulizia muuza vipuri. Sikubali shokapu ya urefu unaokaribia tu, kwa kuwa iliyo ndefu mno hugota mwisho boneti inapofungwa na inaweza kung'oa vishikio vyake.

Wapo wateja wanaoomba zenye nguvu zaidi wakidhani ndizo bora. Shokapu iliyozidi nguvu huifanya boneti iwe ngumu kufunga, na bati la juu, ambalo katika magari mengi ni jembamba, huanza kupinda karibu na bawaba. Kuongeza nguvu kuna maana pale tu boneti yenyewe ilipoongezwa uzito.

Saa 5:00. Vipuri havijafika na mwenye gari anahitaji kutazama maji ya rejeta, kwa hiyo tunaitumia saa hii kumwonyesha namna salama ya kujisaidia. Njia ninayoiamini kuliko zote ni gongo la mbao ngumu lililokatwa kwa kipimo, lenye mpira ncha zote mbili ili lisiteleze, likiegemea chini mahali imara pasipo waya wala mpira wa maji, na juu kwenye mbavu za ndani za boneti. Ukiliegemeza kwenye bati tupu utaacha kibonyeo kinachoonekana kwa nje. Njia ya pili ni kipande cha bomba gumu la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu na kukatwa sawasawa na sehemu ya rodi iliyo nje. Boneti ikiwa juu unakivisha kwenye rodi, na mtungi hauwezi tena kurudi chini mpaka ukitoe. Wengine huibana rodi kwa koleo la kujifunga. Hilo hufanya kazi kwa dharura, lakini meno yake huiumiza rodi, kwa hiyo lifanyike kwa shokapu ambayo tayari imehukumiwa kutupwa. Kwa njia zote hizi upepo mkali ni adui, na boneti iliyoegemezwa haifai kuachwa wazi bila mtu karibu.

Saa 7:00 mchana, jua likiwa kali, naifungua boneti ileile mbele ya mwenyewe. Inasimama bila gongo. Namwomba asidanganyike.

Saa 8:00 vipuri vinafika, na kazi yenyewe ni fupi. Kijana ninayemfundisha anaishika boneti kwa mikono miwili na hana kazi nyingine mpaka nimwambie. Kwa bisibisi bapa nyembamba nainua klipu ya kichwa cha shokapu kidogo tu, bila kuichomoa, kisha navuta kichwa kitoke kwenye gololi. Nafuta gololi, naipaka grisi kidogo, na kuifunga shokapu mpya upande huo kabla sijaugusa ule wa pili. Kwa kawaida rodi huelekea chini boneti inapokuwa imefungwa, ili mafuta yaliyo ndani yakae juu ya sili na kuilinda isikauke, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine. Kichwa kinasukumwa mpaka kisikike kikiingia, kisha nakivuta kuhakikisha kimeshika. Mara ya kwanza tunaifunga boneti polepole sana, mimi nikichungulia pembeni kuona kwamba mtungi haugusi madigadi wala waya.

Saa 10:00 jioni nazishughulikia zile za zamani, na hapa nawasihi mafundi wenzangu. Mtungi wa nyutoni 400 wenye rodi ya kipenyo cha milimita 8, ukiwa mzima, una shinikizo la takriban baa 80 ndani yake, ilhali tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na ushei. Hata uliochoka bado una shinikizo kubwa. Usiukate, usiutoboe, usiutupe motoni, na watoto wasipewe wachezee. Mimi huzitenga katika sanduku lililoandikwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu huambiwa waziwazi kilichomo.

Saa 11:00 anafika mzee mmoja mwenye gari linalotumia fimbo ya kawaida ya kuegemeza boneti, akitaka kuwekewa shokapu kama alizoziona kwa jirani yake. Namweleza kwamba inawezekana iwapo kuna seti iliyotengenezwa kwa modeli hiyo, yenye vishikio vinavyofungwa kwenye bolti zilizopo, lakini kutoboa bati na kubahatisha mahali pa kufunga sitafanya, kwa sababu nguvu yote huishia kwenye sehemu ambayo haikuundwa kuibeba. Kisha naikagua fimbo yake. Ni nzima kabisa. Kilichovunjika ni kishikio cha plastiki kinachoilaza, na kile cha mpira pale inapozungukia kimelika. Anakubali tubadilishe hivyo viwili, na kijana anaanza kuvitafuta kwenye droo ya klipu.