Overdraivu Ipi Itakubali Kuingia Katika MGB ya 1966?

Majira ya baridi yaliyopita niliamua kulifungia overdraivu gari langu, MGB ya 1966 isiyo na paa, ambayo ilitoka katika kiwanda cha Abingdon, Uingereza, ikiwa na gia nne za kawaida. Kilichonisukuma ni masikio. Ukiwa barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka takriban mara 3,470 kwa dakika, na baada ya saa nzima ya ngurumo hiyo mimi na abiria wangu huishia kuzungumza kwa ishara. Overdraivu, yaani gia ya ziada inayowashwa kwa umeme, hupunguza mizunguko hiyo kwa karibu moja ya tano, na mwendo unabaki uleule.

Nilianza kwa dhana potofu, kwamba chombo hiki kilichobuniwa na Edgar de Normanville na kutengenezwa na Laycock huko Sheffield hufungwa tu nyuma ya giaboksi iliyopo, kama tela. Sivyo. Shafti kuu ya giaboksi yenye overdraivu ni tofauti na ya giaboksi ya kawaida, kwa kuwa ni lazima ipite hadi ndani ya overdraivu na kuendesha pampu yake ya oili. Kwa hiyo anayenunua overdraivu peke yake, hata kwa bei ya kutupwa, amenunua nusu ya kitu. Tafuta giaboksi kamili iliyoungana na overdraivu yake.

Kazi ya kuchagua ilianzia hapo. Katika maonyesho ya spea kuukuu, muuzaji mmoja alinionyesha giaboksi safi kabisa yenye overdraivu ya aina ya LH na kunihakikishia kwamba MGB ni MGB. Nilimlipa arubuni. Nilipofika nyumbani na kuanza kupima ndipo nilipotambua kwamba aina ya LH ilikuja na giaboksi mpya, ile yenye sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruzana) katika gia zote nne, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya mwaka wa modeli wa 1968. Bodi za magari hayo zilipanuliwa ule mwinuko wa sakafu unaofunika giaboksi. Bodi ya gari langu haikupanuliwa. Kuiingiza giaboksi hiyo humo kungenilazimu kukata chuma cha sakafu, na hilo sikuwa tayari kulifanyia gari lililokaa miaka mingi hivyo bila kuguswa na msumeno. Tena, bamba lililo kati ya injini na giaboksi ni tofauti, na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na stata inayoiwasha injini navyo vilibadilishwa wakati huohuo. Arubuni haikurudi.

Gari langu linahitaji aina ya D, iliyofungwa pamoja na giaboksi yenye sinkro katika gia tatu, huku gia ya kwanza ikibaki bila sinkro. Hata hapo kuna mtego. Injini za MGB za mwanzo, zenye namba zinazoanza na 18G na 18GA, zina krankishafti, yaani shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, ya beringi kuu tatu. Ile ya 18GB, iliyoingia mwishoni mwa 1964, ina tano, na tundu la krankishafti linalopokea ncha ya shafti ya giaboksi ni kubwa zaidi. Injini yangu ni 18GB, kwa hiyo giaboksi ya 1963 ingeonekana sawa machoni lakini ncha yake ingecheza ndani ya tundu hilo. Katika MGB giaboksi kwa kawaida hutolewa pamoja na injini, kwa hiyo kosa la milimita chache ni wikendi nzima nyingine chini ya winchi.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma ya gari, niliipima baada ya giaboksi kukaa mahali pake, badala ya kuamini orodha ya spea. Spidomita nayo huenda ikadanganya baada ya kubadilisha giaboksi, kwa hiyo linganisha namba iliyochapwa kwenye uso wake na giaboksi uliyopata. Oili niliyotia ni ile ya injini, 20W-50, kwani giaboksi na overdraivu huchangia oili moja, na oili nzito ya difu haifai humo.

Swichi iliyo kwenye giaboksi ndiyo niliyoishughulikia kwa muda mrefu kuliko vyote. Kazi yake ni kuruhusu umeme ufike kwenye solenoidi (sumaku ya umeme inayowasha overdraivu) katika gia ya tatu na ya nne tu, kwa sababu kurudi nyuma overdraivu ikiwa imeshika kunaweza kuvunja klachi ndogo ya ndani inayozunguka upande mmoja. Niliijaribu kwa taa ya kupimia kabla injini haijarudi ndani ya gari, nikipitisha kila gia mara kumi, ya nyuma mara ishirini.