Schnecke: konokono, andazi na maneno ya mtaani Ujerumani

Kwa Kijerumani, Schnecke ni konokono, na ndilo pia jina la andazi tamu lisilokosekana katika maduka ya mikate nchini Ujerumani. Nilipoanza kazi katika tanuri la mikate huku, jina hilo halikunisumbua, kwa sababu mikono yangu ililielewa kabla ya masikio: unga uliokandwa kwa maziwa na hamira husukumwa ukawa mpana, ukapakwa siagi, ukanyunyiziwa sukari na mdalasini, ukakunjwa kama mkeka, kisha ukakatwa vipande ambavyo, vikilazwa kwenye trei, kila kimoja huonyesha mzunguko ule ule wa gamba la konokono. Lenye mdalasini huitwa Zimtschnecke, na lenye zabibu kavu Rosinenschnecke. Hata Wadenmark huliita kanelsnegl, yaani konokono wa mdalasini.

Kilichonishinda ni maisha ya neno hilo nje ya trei. Asubuhi moja mwenzangu alitoka ofisini kwa msimamizi, akaniambia kwamba mkubwa wetu „hat mich zur Schnecke gemacht“. Kwa Kijerumani changu cha miezi michache nilidaka Schnecke na kitenzi cha kutengeneza, nikadhani amehamishiwa meza ya maandazi, kazi ambayo sote tuliitamani, nikampa mkono wa pongezi. Aliutazama mkono wangu uliojaa unga, akageuka, akaifunga aproni yake upya bila kusema neno. Jioni ndipo nilipoelezwa kwamba kumfanya mtu konokono ni kumkaripia mpaka anywee. Kesho yake nilimwomba radhi, naye akanisamehe, lakini tangu siku ile kila nikisikia msemo huo namwona konokono aliyeguswa pembe akirudi gambani.

Matumizi ya tatu yanahitaji uangalifu zaidi. Mume humwita mkewe Zuckerschnecke, konokono wa sukari, na neno hilo hupokelewa kwa upendo. Ila kijana wa mtaani akimwita Schnecke msichana anayepita, anazungumzia sura na umbo lake, na wanawake wengi huona wamevunjiwa heshima. Ndugu zangu mliofika karibuni, msiliige neno hili kwa kulisikia tu kwenye basi. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili vizuri: mtu akilalamika kwamba kitumbua chake kimeingia mchanga, hakuna anayeutafuta mchanga sahanini, na kitumbua hicho hicho kina maana ya mitaani ambayo mwenye heshima zake haitamki mbele ya wakwe.

Dukani msiogope. Ukisema „Eine Schnecke, bitte“, muuzaji atashika koleo na kukuuliza tu kama unataka la mdalasini au la zabibu kavu.