Nilipokimbia chini ya saa mbili

Jasho lilikuwa limelowanisha kioo cha simu, kidole hakishiki. Nikavuta khanga iliyoanikwa kambani, nikafuta, nikabonyeza tena: 1:58:52, kilomita 21.1. Nikakaa kizingitini nikalia. Mume wangu akatoka na kikombe cha maji, akaisoma ile namba, akanishika bega. "Hongera, mama. Miaka minane!"

Ni kweli, minane. Agosti 2017 nilimwona Alphonce Simbu kwenye televisheni akichukua shaba ya marathoni ya dunia kule London, nami nikajiwekea langu: nusu marathoni chini ya saa mbili. Maana yake kila kilomita isizidi dakika 5 na sekunde 41. Wakati ule hata kilomita moja kwa mwendo huo ilinishinda. Nikaandika 1:59 kwa chaki ndani ya mlango wa kabati. Mwaka 2022 nilipata 2:00:47, na zile sekunde 47 zilininyima usingizi. Septemba 2025 Simbu akatwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, akimpita mpinzani wake kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Novemba ya mwaka huo ikawa zamu yangu.

Njia yangu ni ya kila siku: kutoka nyumbani Mwanga kushuka hadi stesheni ya Kigoma, kupanda tena, kisha Ujiji na kurudi, na kumalizia kwa kuzunguka mitaani. Mlima wa kutoka stesheni ndio uliokuwa ukinimaliza. Nilipoacha kuukimbilia kwa hasira, nikaupanda kwa hatua fupi na kubakiza pumzi ya barabara ya Ujiji, muda ukaanza kushuka.

Furaha ilikaa siku mbili. Nilipiga simu kwa dada zangu, shuleni walimu wenzangu wakanipongeza. Jumatano nikaamka saa kumi na moja kasoro robo kama kawaida, nikasikiliza mvua juu ya bati, nikakosa sababu ya kuvaa viatu. Nyumba ilikuwa vile vile, ila mimi nilijisikia kama siku ile tuliyompeleka mwanetu wa kwanza bweni, kitanda chake kikabaki kimetandikwa. Nikaona aibu pia. Nimepata nilichokitaka, sasa huzuni hii ya nini?

Kila aliyenipongeza aliuliza, "Sasa marathoni kamili lini?" Nusura niandike namba nyingine pale kabatini. Nashukuru sikuandika. Kwa miaka minane namba ile ndiyo iliyoniambia nilale saa ngapi, nile nini usiku, nisafiri lini. Nilikuwa naagana na kitu kilichoishi nami, na ningeweka kingine haraka ningekuwa nakimbia kuagana huko. Miguu nayo ilikuwa imechoka, magoti yanauma nikishuka ngazi. Wiki mbili sikukimbia kabisa.

Wiki ya tatu mama mkwe aliniomba nimsindikize Kibirizi kununua dagaa. Tulitembea alfajiri. Mitumbwi ilikuwa inarudi, karabai za uvuvi wa usiku zimezimwa, akina mama wanamwaga dagaa mchangani na kuwatandaza kwa mikono, na jua lilipowapiga, ufukwe ukang'aa kama mabati mapya. Nilisimama pale hadi mama akaniita mara mbili. Alfajiri ngapi nimezikimbia Kigoma hii macho yakiwa kwenye simu!

Kesho yake nilitoka mbio na simu nikaiacha mezani. Nilikwenda taratibu, nikasimama mahali walipokuwa wanachemsha mawese, nikasalimia wazee bila haraka. Nilirudi sijui muda, sijui umbali, na ile njaa nzuri ya baada ya mazoezi ilikuwa imerudi.

Sasa kuna binti wa darasa la sita, mwanafunzi wangu, anayekuja nami Jumamosi baada ya mama yake kuridhia. Siku ya kwanza alitoka kama mshale, akakwama mlimani akishika mbavu. Nikamwonyesha hatua fupi. Tulipofika juu akageuka, akalitazama ziwa, akaniuliza, "Mwalimu, tushuke tupande tena?"

Ile 1:59 bado ipo kabatini. Chaki imefifia, sijaifuta, wala sijaandika nyingine chini yake.